Adabu ya Kuzuru Mji wa Tuhuma



Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani, mahali pengi, tutembee katika ardhi tukatazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Kwa hiyo safari si upuuzi, wala kutazama nyumba za kale si kupoteza wakati. Lakini kutazama kuna adabu yake, na hiyo ndiyo nitakayo tuizungumze leo.

Mpwa wangu aishiye karibu na Boston, Marekani, ameniomba shauri. Ataka kuwapeleka wanawe Salem, mji uliojulikana dunia nzima kwa kesi za uchawi. Huko kuna makumbusho mengi, kuna matembezi ya kulipia ya mchana na ya usiku, kuna maduka ya kofia nyeusi zenye ncha, na kila mwezi wa Oktoba mji hufurika wageni. Aniuliza: tuingie wapi, na wapi tupite? Jibu nililompa nakupa na wewe, kwa kuwa huenda nawe una mtoto huko, na kwa kuwa Salem haiko mbali na Nachingwea na Ruangwa, wilaya zetu, kama tunavyodhani.

Kwanza lijue jambo lenyewe. Mapema mwaka 1692, katika nyumba ya kasisi wa kijiji cha Salem, wasichana wawili wadogo walishikwa na vifafa visivyojulikana. Wakaulizwa nani anawaloga, wakataja majina. Wa kwanza kutajwa walikuwa wanyonge: mtumwa aitwaye Tituba, mwanamke mwombaji, na mwanamke mgonjwa. Kisha tuhuma zikasambaa kama moto wa kiangazi mpaka watu zaidi ya mia moja na hamsini wakashtakiwa. Kumi na tisa walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee mmoja, Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Wengine walifia gerezani.

Na ushahidi ulikuwa nini? Msichana akisema ameona kivuli cha fulani kikimuuma, mahakama ilipokea. Bibi Rebecca Nurse, mwenye miaka 71, mcha Mungu, wazee wa baraza walimwona hana hatia. Washtaki wakapiga kelele, wazee wakarudishwa kufikiri tena, akanyongwa. La ajabu zaidi, waliokiri na kushikilia ungamo lao waliachwa hai. Waliokataa kusema uwongo ndio waliouawa.

Sasa tuje kwenye adabu. Mtume wetu (s.a.w.), katika safari ya Tabuk, alipita na masahaba wake penye makao ya Thamudi. Akawakataza wasiingie ila wakiwa wenye kulia, kisha akajifunika kichwa akaharakisha mwendo. Fahamu hekima yake: mahali palipofanyika dhuluma hapaingiwi kwa kicheko. Hiki ndicho kipimo nilichompa mpwa wangu. Kabla hujalipa kiingilio, uliza: nyumba hii itamfanya mwanangu alie au acheke? Itamwambia kuwa hapa walinyongwa wachawi, au kuwa hapa walinyongwa watu?

Kwa kipimo hicho, aanze penye ukumbusho uliojengwa mwaka 1992, kando ya makaburi ya kale. Hapana kiingilio. Ni ukuta wa mawe wenye viti, na kila kiti kimechongwa jina la aliyeuawa na siku aliyouawa. Wanawe wayasome majina kwa sauti. Kisha aende Proctor's Ledge, mahali penyewe pa kunyongea, palipowekwa ukumbusho mwaka 2017. Kisha nyumba ya Jonathan Corwin, mmoja wa mahakimu. Watu huiita nyumba ya wachawi, na hakuishi mchawi humo, aliishi hakimu! Hapo watoto wataona kwamba dhalimu hakuwa zimwi. Alikuwa mtu mwenye heshima mjini, mwenye kusali. Wakipata nafasi, wafike Danvers, ilipo nyumba ya Bibi Rebecca.

Tena wasiache kuingia Peabody Essex, makumbusho yaliyotokana na chama cha manahodha wa Salem kilichoanzishwa mwaka 1799. Meli za mji huo zilikuja Unguja kwa Sayyid Said, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Walituletea merikani, wakachukua pembe na sandarusi, na pembe nyingine zilishuka Kilwa na Lindi kwa njia za nchi yetu hii. Basi hao si wageni kwetu.

Matembezi ya usiku ya kutishana, na mabanda ya wachawi wa nta, ayapite. Damu ya mtu haifai kuwa mchezo.

Lakini ndugu msomaji, tusiwacheke wa Salem. Akija mgeni kutoka huko, sisi tutamwonyesha nini? Pwani yetu ya kusini ilimsifu Nguvumali, mganga mfichua wachawi aliyekufa mwaka 1957, hata Hasani bin Ismail akamtungia utenzi, Swifa ya Nguvumali, uliochapishwa mwaka 1968. Na wale waliotajwa na waganga, nani aliwatungia hata ubeti mmoja?

Hapa Nachingwea, penye kambi kuu ya FRELIMO, mwaka 1975 Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alisimamishwa mbele ya umati akasoma ungamo refu la usaliti. Yeye na wenzake kadhaa, akiwemo Bibi Joana Simeão, baadaye waliuawa Msumbiji bila hukumu ya mahakama. Hawakushtakiwa uchawi, lakini ungamo la mwenye kushurutishwa ni lile lile. Ammar bin Yasir alipoteswa akatamka neno la kufuru, Mwenyezi Mungu hakulihesabu neno lake.

Na katika kijiji kimoja cha Ruangwa namjua bibi aliyefiwa na jirani mtoto. Mganga akapita, akamtaja. Hakupigwa wala hakuchomewa nyumba. Aliacha kusalimiwa tu. Kisimani wakamwachia njia, katika hitima hakualikwa, mpaka akafunga mzigo akamfuata mwanawe Lindi. Waliomnyima salamu ni watu wa safu ya mbele msikitini.

Uchawi umetajwa katika Qur'ani, hatuukani. Lakini humo humo, katika Sura ya Baqara, tumeambiwa kuwa haumdhuru mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na katika Sura ya Hujurati tumekatazwa dhana. Mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Hata sheria ya nchi, tangu mwaka 1928, inamtia hatiani mwenye kumtaja mwenzake kuwa mchawi.

Salem waliomba radhi. Hakimu Samuel Sewall alisimama kanisani mwaka 1697 akaikubali aibu yake mbele ya watu, na jina la mwisho lilisafishwa mwaka 2022, baada ya miaka 330. Sisi tusingoje kiasi hicho. Bibi wa Ruangwa yu hai bado, na nauli ya Lindi si kubwa. Mwenye kuwajibika naye apande gari akampe salamu yake.

Mwenyezi Mungu atulinde na ndimi zetu. Amin.