Gitaa la Kati

Mpenzi wa mashairi anaposikiliza nyimbo za zamani za bendi za Tabora, sikio lake hukimbilia maneno kwanza. Ndivyo alivyolelewa. Husikia "Dada Asha" ya Tabora Jazz, au "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz, akapima Kiswahili chake kama apimavyo shairi, na aghalabu hustaajabu kukuta lugha iliyopangika namna ile katika mji ulio mbali na bahari kwa mwendo wa miezi. Lakini chini ya maneno hayo mna kazi nyengine isiyotajwa sana, nayo ni kazi ya magitaa, solo, ridhimu na besi, yanayozungumza pamoja bila ya lolote kulifunika jenziwe.

Ulaya muziki wa namna hii una jina na heshima yake. Huitwa muziki wa chemba, yaani wa chumbani. Wachezaji ni wachache, kila mmoja ana sehemu yake peke yake, na hapana mwongozaji wa kuwasimamia kwa kijiti. Wakiwa watatu huitwa trio. Mmoja akiteleza hana wa kumstiri. Wapiga magitaa wa Tabora walifanya kazi ile ile, ila wao waliitwa watu wa dansi, na dansi likahesabiwa kuwa ni starehe ya jioni tu. Hukumu hiyo imepitishwa na watu waliosikiliza kwa miguu.

Visiwani, njia ya Tabora hukumbukwa kwa pembe za ndovu na kwa jina la Tippu Tip, ambaye alifariki Unguja mwaka 1905. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya maskani Tabora na akaoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na hawakufika huko hadi tarehe 7 Novemba. Kwa mwendo kama huo, msafara usioimba ungekufa kwa uchovu kabla ya kufa kwa njaa. Mbele alikwenda kirangozi na vazi lake la manyoya, akitoa wimbo. Nyuma wapagazi wakiitikia. Kulikuwa na ngoma na baragumu. Wachukuzi wa pembe walifunga kengele za ng'ombe kwenye ncha za pembe zenyewe, basi mali ya tajiri ikageuka kuwa ala ya mpagazi. Na njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, ambao hawakuulizwa wimbo gani uimbwe. Anayeisifu njia kwa nyimbo zake akawasahau hao husema nusu ya habari.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Mwendo wa miezi ukawa wa siku. Mji uliokuwa kituo cha misafara ukawa njia panda ya garimoshi, na kila kilichopita reli kilipita hapo, santuri zikiwemo. Miaka ya 1930 kampuni ya HMV ilianza kutoa mfululizo wa santuri za GV zilizojaa muziki wa Kyuba, zikaenea Afrika nzima. Mdundo wake haukuwa mgeni kabisa kwa watu wa huku, maana asili yake ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa.

Mji huu mmoja ukazaa Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kila bendi ikawa na mtindo wake: Sensera, Segere Matata, Kizunguzungu. Dar es Salaam nako, mwaka 1959, watu waliotoka magharibi mwa Tanganyika waliunda Western Jazz, yenye mtindo wa Saboso. Shem Karenga, mtunzi wa "Dada Asha", alitoka Kigoma. Nyimbo zilipanda na kushuka njia ile ile. Wala si wanabara tu walioifuata: Bi Kidude, kabla ya kuwa bibi wa visiwa vizima, alizunguka bara na taarabu hadi kwenye maziwa makuu, na kwa masimulizi yake mwenyewe alitembea peku.

Sasa kuhusu hilo gitaa la kati. Katika bendi hizi solo hukaa juu. Muimbaji akimaliza mstari, solo humjibu, na mara nyengine humkosoa. Besi hukaa chini, hupiga noti chache na kuacha nafasi, na nafasi hizo ni sehemu ya upigaji wake. Baina yao liko gitaa la ridhimu. Hilo hurudia kipande kifupi, tena na tena, likikibadili kidogo tu wimbo unapohama. Msikilizaji wa haraka hudhani halifanyi lolote. Na alizime kichwani mwake, atasikia solo na besi zikiachana kama watu wawili waliogombana wakashika njia mbalimbali.

Kazi yake inafanana na ya kina cha kati. Kila ajuaye mshororo wa mizani kumi na sita anajua kuwa kina cha mwisho ndicho kinachosifiwa, kwani ndicho kinachofunga. Lakini mshororo husimama kwa kile cha katikati, kinachotenga ukwapi na utao na kumpa msomaji mahali pa kuvuta pumzi. Mtunzi mchanga hupoteza kina cha kati kabla ya kupoteza cha mwisho. Na katika nyimbo za Tabora kinachopotea kwanza ni gitaa la ridhimu.

Maneno yana watu wa kuyakumbuka. Solo huigwa na vijana kwa kusikiliza, maana linasikika. La kati limezama ndani ya kanda. Kanda nyingi za bendi hizo zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuja kurithiwa na TBC, na katika rekodi za zama zile ala zote ziliingia pamoja. Aliyelipiga gitaa lile hakuandika nota, na kwa kawaida jina lake halikutajwa pamoja na la muimbaji.

Hapa inafaa kuitazama nchi iliyo mbali sana na Tabora. Slovenia ina watu kama milioni 2. Mkoa wa Tabora, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 3. Ljubljana, mji mkuu wake, ilikuwa na chuo chake cha wanamuziki tangu mwaka 1701. Leo mtunzi wa huko, awe Lojze Lebič aliyezaliwa 1934 au Nina Šenk aliyezaliwa 1982, huandika kila sehemu kwenye karatasi, na chama cha watunzi cha nchi hiyo huchapisha kazi za wanachama wake. Kwa sababu hiyo watu watatu wasiopata kumuona mtunzi wanaweza kukaa chumbani, wakazifungua karatasi, wakaupiga muziki wake mgumu, na yule wa kati akajua hasa la kufanya.

Pana watakaosema kwamba nota huua uhai wa dansi. Yapo ya kweli katika hilo. Mvuto wa ridhimu nzuri uko katika kuchelewa kidogo ambako karatasi haikushiki. Lakini tenzi nazo zilikuwa za kughaniwa, na kuandikwa kwa hati za Kiarabu hakukuzinyamazisha. Kinachohitajika si kikubwa: mtu mwenye sikio, kanda safi, na mzee mmoja aliyewahi kulipiga, ili aoneshe vidole vilivyokaa. Kanda zinaweza kungoja kidogo. Wazee hawawezi. Karenga alifariki mwaka 2014, na wimbo wake bado unapigwa katika maharusi, mara nyingi kwa kinanda cha umeme, ambapo mkono wa kushoto hushika besi, wa kulia hushika solo, na katikati hamna kitu.