Adhuhuri ya Pluto



Tunaoishi kati ya Bunju na Mbagala tukisema mahali fulani ni mbali, mara nyingi tunamaanisha safari ya kubadilisha daladala mara mbili au tatu. Juma hili tunawaalika tutafakari umbali wa namna nyingine, na mwanga unaosalia mwisho wake.

Tarehe 18 Februari 1930, kijana Mmarekani wa miaka 24, Clyde Tombaugh, alikuwa akilinganisha picha za anga katika kituo cha Lowell huko Arizona. Akaona nukta moja iliyokuwa imesogea. Nukta hiyo iliitwa Pluto, jina lililopendekezwa na msichana wa miaka 11 wa Oxford, Venetia Burney. Kwa miaka 76 ilihesabiwa kuwa sayari ya tisa, na ndivyo wengi wetu tulivyokariri darasani. Tarehe 24 Agosti 2006 wanaastronomia waliokutana Prague waliiweka katika kundi la sayari kibete.

Kibete ni kweli. Kipenyo chake ni kilomita 2,377. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,250. Basi msafiri aendaye Kigoma na kurudi amepita umbali unaozidi kidogo upana wa Pluto. Mwezi wake mkubwa, Charon, una kipenyo cha kilomita 1,212, yaani safari ya kwenda peke yake.

Na umbali wake je? Tuchukulie kwamba kila mita ya Mlima Kilimanjaro ni kilomita milioni moja. Jua likiwa usawa wa bahari, Dunia yetu ingekuwa kwenye mita 150. Pluto, kwa wastani, ingekuwa juu kidogo ya kilele cha Uhuru. Mwaka wake mmoja ni miaka yetu 248, hivyo tangu igunduliwe haijamaliza hata mzunguko mmoja wa jua.

Chombo cha angani New Horizons kilirushwa Januari 2006, kikapita karibu na Pluto tarehe 14 Julai 2015. Kilituonyesha uwanda mpana wa naitrojeni iliyoganda, milima ya barafu ya maji yenye kimo cha mita 3,500 hivi, na ukungu mwembamba wa rangi ya samawati. Baridi huko hukaribia nyuzi 230 chini ya sifuri.

Wengi hudhani kwamba mahali pa namna hiyo ni giza tupu. Hesabu inakataa. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hupungua mara nne. Ukiongezeka mara kumi, hupungua mara mia. Pluto iko mbali na jua karibu mara 40 kuliko sisi, kwa hiyo hupata mwanga mdogo kuliko wetu kwa takriban mara 1,600. Hata hivyo, jua letu ni kali mno, na sehemu hiyo ndogo bado ni mwanga wa kutosha. Adhuhuri ya Pluto hufanana na dakika zile chache baada ya jua kuzama kwetu, adhana ya Magharibi inaposikika Temeke na akina mama wanapoanua nguo kambani. Nyuso bado zinatambulikana. Gazeti bado linasomeka.

Tupime kwa kitu cha nyumbani. Mtu aliyekaa mita moja kutoka kwenye mshumaa hupata mwanga hafifu sana. Adhuhuri ya Pluto huuzidi mwanga huo zaidi ya mara hamsini.

Hapo ndipo tafakari yetu inapotua. Katika nyumba nyingi za kupanga pembezoni mwa jiji letu, uniti za LUKU zinapokwisha kabla wapangaji hawajachangishana, mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba huinamia daftari kando ya mshumaa au koroboi. Ukurasa ulio mbele yake una mwanga mdogo kuliko bonde la barafu lililo kilomita bilioni tano kutoka kwa jua. Twaihurumia Pluto kwa giza lake, na huyu yuko nyuma ya ukuta wetu.

Jua haliwezi kusogezwa karibu na Pluto, lakini kiti chaweza kusogezwa barazani. Mwenye taa ya sola au umeme usiokatika na aache mlango wazi saa moja jioni, aweke meza na mkeka, amwambie mtoto wa jirani: "Njoo usomee hapa." Mwanga wa taa hiyo haupungui kwa kusomewa na wawili.

Tunawatakia juma jema.