Mtoto wa Gunzi



Likizo iliyopita, sisi mafrateri wawili tulitoka Musoma kwenda kijiji kimoja cha Butiama kuwafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu. Baada ya mafundisho walicheza baba na mama chini ya mwembe. Mdoli wao ulikuwa gunzi la mahindi lililofungwa kipande cha kitenge. Binti mmoja, wa miaka kama mitano, akalichapa kwa kijiti: “Nyamaza! Ukilia nakuongeza!”

Tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana maneno hayo tuliyajua. Tuliambiwa utotoni, na Jumanne ile ile tulikuwa tumemkemea mvulana aliyeanguka, eti mwanaume halii.

Plato, katika kitabu chake cha Sheria, anasema atakayekuwa mjenzi acheze kujenga vijumba tangu utotoni. Sisi tulilikariri hilo kwa ajili ya mtihani tu! Basi tukachuchumaa, tukamwuliza binti, “Mama, mtoto wako analilia nini?”

Akafikiri. “Ana njaa.”

“Hapana,” akadakia mwenzake, “anaogopa fimbo.”

Kijiti kikatupwa. Wakapika ugali wa mchanga, wakamlisha, wakambembeleza. Hatukuwafundisha lolote zaidi ya swali lile.

Yule mvulana alisimama kando; wenzake walisema midoli ni ya wasichana. Tukamwita, tukampa gunzi. Akalipakata. Tukamwomba radhi kwa yale ya Jumanne.

Akaweka kidole mdomoni. “Frateri, mtoto amelala. Msipige kelele.”