Siku Tatu za Kigali na Mjukuu Wangu

Likizo ya shule ya mwezi Juni mwaka jana ilinikuta nimekwisha kumwahidi mjukuu wangu, msichana wa miaka minane, kwamba nitampeleka Kigali. Ahadi hiyo niliitoa kwa wepesi, kama wazee tupendavyo kuahidi mbele ya watoto, na siku ya kuitimiza ilipokaribia nikatambua kwamba jambo gumu si nauli wala hati za kusafiria. Jambo gumu lilikuwa kuchagua. Tulikuwa na siku tatu tu.

Kwa mazoea ya kazi niliyoifanya katika Jeshi la Polisi mpaka nilipostaafu, nilichukua karatasi nikaandika orodha. Kwanza, Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyoko Gisozi. Pili, jumba la makumbusho lililomo katika jengo la Bunge, lililofunguliwa mwaka 2017 kueleza vita vya kuyakomesha mauaji hayo. Tatu, Kanombe, ilikokuwa ikulu ya Rais Habyarimana, ambako mabaki ya ndege yake iliyotunguliwa tarehe 6 Aprili, 1994, ikitoka kwetu Dar es Salaam, yaliangukia uwanjani mwa nyumba yake mwenyewe. Nne, Kambi ya Kigali. Nikamsomea orodha hiyo binti yangu, mama wa mtoto, kwa fahari kidogo.

“Baba,” akaniuliza, “hii ni safari ya mtoto, au wewe unakwenda kazini?”

Sikumjibu. Lakini ndugu msomaji, yafaa nikueleze sababu ya orodha ile. Mwishoni mwa Aprili 1994 nilikuwa askari kijana wilayani Ngara. Kuanzia tarehe 28 ya mwezi huo, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia nchini mwetu. Walikuja na magodoro vichwani, na mbuzi, na watoto waliopotezana na mama zao. Mto Kagera nao ulikuwa ukileta mambo ambayo sitayaandika katika ukurasa huu unaosomwa na watoto. Tangu siku hizo nilijiwekea nadhiri kwamba iko siku nitakwenda kuinamisha kichwa Gisozi. Kumbe nilitaka kuitimiza nadhiri yangu kwa likizo ya mtoto mdogo!

Mama yake alitia saini barua ya kuniruhusu kusafiri na mtoto, akaniwekea sharti moja: asipelekwe ndani ya nyumba yenye picha za maiti. Nikakubali, ingawa moyoni nilinung’unika.

Tuliondoka Kahama kwa basi, na tulipovuka Rusumo mtoto alistaajabu kuona gari limehamia upande wa kulia wa barabara. Nikamwambia pia kwamba saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, akafurahi mno kwamba tumepewa saa ya bure. Mifuko ya plastiki nilikuwa nimekwisha kuiacha nyumbani, maana kule imepigwa marufuku tangu mwaka 2008. Andazi zetu tulizifunga kwa kitambaa. Tulifika Ijumaa jioni, tukapanga katika nyumba ya wageni Nyamirambo. Mtaa huo naupendekeza kwa kila anayesafiri na mtoto wa Kitanzania. Ni mtaa wa Waislamu wa siku nyingi, na Kiswahili kinasemwa dukani, msikitini na barazani, tangu zamani kabla Bunge la Rwanda halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mtoto asiyeelewa lugha ya watu huchoka upesi. Yule wangu, kabla sijafungua mkoba, alikwisha pata rafiki.

Jumamosi niliamka mapema na orodha mfukoni. “Mzee, unakwenda wapi?” akaniuliza mama mwenye nyumba, kwa adabu lakini akicheka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo wananchi hufanya kazi ya pamoja tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano; maduka hufungwa na magari husimama. Nilikuwa nimesoma habari za umuganda mara nyingi, lakini kalenda sikuitazama. Hivyo asubuhi nzima ikapita. Mimi nilikaa kibarazani nikihesabu saa kama mahabusu, ilhali mjukuu wangu anaruka kamba uani na watoto wa nyumba ile. Baadaye nilipomwuliza siku gani ilikuwa nzuri kupita zote, aliitaja hiyo.

Baada ya saa tano tulikwenda kwenye Nyumba ya Kandt, iliyokuwa makao ya daktari Mjerumani Richard Kandt, ambaye anahesabiwa kuwa ndiye aliyeuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Huko nilitenda kosa la pili. Nilisoma kila ubao wa maelezo, kwa sauti, na kumtafsiria. Alivumilia vyumba viwili. Katika cha tatu alikaa chini sakafuni. Ndipo mwongozi, kijana mwenye huruma, akamwuliza kama angependa kumwona mamba. Mamba! Wako na nyoka pia, hai, nyuma ya vioo. Mtoto aliyekuwa hawezi kusimama akapata miguu mipya, na tulikaa mbele ya yule mamba muda mrefu kuliko tuliokaa na historia yote ya Wadachi.

Usiku ule, baada ya mishikaki na ndizi za kuchoma, nilitoa orodha nikaichana. Nilibakiza mahali pawili tu: pamoja pa mtoto, na pamoja ambapo nilitaka tufike sote wawili.

Palipokuwa pake ni Umusambi, hifadhi ya korongo taji iliyo pembezoni mwa jiji. Umusambi ndilo jina la ndege huyo kwa Kinyarwanda; ndiye yule aliye katika bendera ya Uganda. Zamani watu walipenda kuwafuga majumbani na mahotelini kama mapambo, wakiwakata mbawa ili wasiruke. Daktari wa mifugo Mnyarwanda, Olivier Nsengimana, aliongoza kazi ya kuwakusanya: wenye afya wakarudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera, na walemavu, wasioweza tena kujitegemea, wakapewa makao hapo kijijini. Tulitembea katika njia za nyasi polepole, kwa mwendo wake na si wangu. Alimwona mmoja anayechechemea akanishika mkono, akauliza nani alimvunja. Nikamwambia ni watu waliompenda vibaya. Akafikiri, kisha akataka maji ya kunywa.

Ukienda, vaa viatu vya kutembelea, na chukua sweta la jioni. Pikipiki za kule ni nyingi na dereva humpa abiria kofia ngumu, lakini hupakia mtu mmoja tu. Mwenye mtoto apande basi au teksi, naye aitie gharama hiyo katika hesabu kabla hajaondoka nyumbani. Asiyependa kwenda mbali anayo bustani ya Nyandungu, kinamasi kilichokarabatiwa na kufunguliwa mwaka 2022, ambako mtoto aweza kukimbia bila hofu ya gari.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda Nyabugogo kupanda basi, nilimpeleka Kambi ya Kigali. Hapo ndipo askari kumi wa Ubelgiji wa jeshi la Umoja wa Mataifa, waliokuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, waliuawa tarehe 7 Aprili, 1994. Waziri Mkuu mwenyewe aliuawa siku hiyo hiyo. Matundu ya risasi yangali ukutani. Lakini nje, hewani, zimesimama nguzo kumi za mawe, na kila moja imechongwa mistari kwa idadi ya miaka aliyoishi askari mmoja.

Nilimweleza kwa maneno machache. Alisogea kwenye nguzo ya kwanza akaanza kuhesabu kwa kidole, mstari kwa mstari, kama ahesabuvyo shuleni. Alipofika mwisho aligeuka.

“Babu, huyu hakumfikia mama.”

Mama yake ana miaka 34. Nikamwambia ni kweli, hakumfikia.

Akaendelea na ya pili, na ya tatu. Sikumharakisha, ingawa basi lilikuwa likituita. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: hawa kumi ni wageni, na watu wa hapa je, waliokimbilia kwetu darajani, na wenzao waliobaki, nguzo zao ziko wapi?

Nikamwonyesha upande wa Gisozi. Nikamwambia pale kilimani wamezikwa watu zaidi ya 250,000, na kwamba nguzo zao zisingeenea katika mji huu.

“Twende basi.”

“Sasa hapana. Ukikua.”

“Nikiwa na miaka mingapi?”

Nilishindwa kumtajia idadi. Nikasema tutamwuliza mama.

Kahama tulifika usiku sana. Asubuhi mama yake alimwuliza ameona nini, naye akasimulia: kamba ya kuruka, mamba, korongo anayechechemea, saa ya bure ambayo tumenyang’anywa tena mpakani. Halafu akasema, “Na kuna jiwe lenye mistari ya mtu ambaye hajafika umri wako.” Binti yangu akanitazama. Nikaendelea kunywa chai yangu.

Gisozi nitakwenda mwenyewe, Mungu akipenda, katika mwezi wa Aprili. Mjukuu wangu amekwisha kuniagiza nimchukulie maua.