Hekalu Linalojengwa Upya



Tangu nirudi kutoka Japani, baadhi yenu mmeniuliza kama ni halali padri kukanyaga mahali pa ibada ya Shinto. Ni halali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unafundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Lakini kuzuru si kuabudu. Katika hekalu la Ise waumini huinama mara mbili, hupiga makofi mara mbili, kisha huinama tena mara moja. Mimi nilisimama kando, kofia mkononi, na hakuna aliyenikaripia.

Hekalu la Ndani la Ise limewekwa kwa heshima ya Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Unavuka daraja la mbao juu ya mto Isuzu, unatembea juu ya changarawe chini ya miti mirefu, unafika kwenye lango lenye pazia jeupe. Basi. Zaidi ya hapo mgeni haoni kitu, ila paa la nyasi nyuma ya uzio.

Na hata paa hilo si la kale! Kila baada ya miaka 20 hekalu hujengwa upya kwa mbao za mberoshi, katika kiwanja cha jirani, kwa umbo lile lile. Desturi hiyo ilianza mwaka 690. Ujenzi wa mwaka 2013 ulikuwa wa 62, na unaofuata ni wa mwaka 2033. Aliyeshika randa akiwa kijana, zamu ya pili ndiye anayefundisha. Vita viliwahi kuukatiza mfululizo huo kwa zaidi ya miaka 120, nao wakaurudia.

Hapo niliwakumbuka Wakatoliki wa Nagasaki. Kwa zaidi ya miaka 200 walifichama bila padri, wakibatizana wenyewe na kufundishana sala. Mwezi Machi 1865 walimwendea Padri Petitjean katika kanisa la Oura, wakamwuliza iko wapi sanamu ya Mama Maria.

Makatekista wetu vigangoni wamezeeka. Ni kijana gani anayesimama kando yao akijifunza kuongoza ibada ya Dominika pasipo padri? Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, nileteeni majina.