Wengine kwa Mikono, Wengine kwa Ubao

Leo nawaomba mfungue Matendo ya Mitume sura ya 27. Msiisome kwa haraka. Katika mistari miwili ya mwisho kuna jambo ambalo wahubiri wengi hulipita mbio.

Hadithi mnaijua. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa meli. Dhoruba imewapiga siku kumi na nne, jua halionekani, nyota hazionekani. Ndani ya meli kuna watu 276. Usiku mmoja malaika anasimama karibu na Paulo na kumhakikishia kwamba hakuna hata mmoja kati yao atakayepotea. Sisi Wapentekoste tukifika hapo tunapiga vigelegele, tunanena, tunafunga Biblia na kuimba.

Lakini Luka hakufunga kitabu hapo. Meli inakwama mchangani, nyuma inavunjwavunjwa na mawimbi. Askari wanataka kuwaua wafungwa, wasije wakaogelea na kutoroka. Akida Yulio anawazuia kwa ajili ya Paulo. Kisha anatoa amri: wanaojua kuogelea wajitupe majini kwanza, na waliobaki wafuate wakishikilia mbao na vipande vya meli. Hivyo ndivyo watu wote 276 walivyofika nchi kavu katika kisiwa cha Melita, ambacho leo tunakiita Malta.

Mpendwa, jiulize. Ahadi ya malaika ilitimia kwa njia gani? Upepo haukunyamaza siku ile. Bahari haikupasuka kama ya Musa. Hakuna aliyetembea juu ya maji kama Petro. Ahadi ilitimia kwa mikono iliyojua kuogelea, na kwa mbao. Na hakuna aliyefundishwa kuogelea asubuhi ile. Kila aliyejua alikuwa amejifunza zamani, siku ya utulivu, wakati hakuna aliyekuwa akimfikiria Paulo wala Melita.

Neno hili limenikaa moyoni tangu mwezi wa pili, niliposindikiza watoto kwenye mashindano ya kuogelea.

Najua mtashangaa. Kuogelea, hapa Daraja Mbili? Sisi Abagusii ni watu wa nchi kavu. Naftali Temu ndiye aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mbio za mita 10,000 kule Mexico City mwaka 1968. Yobes Ondieki alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mjini Oslo mwaka 1993. Na Shabana ikicheza Gusii Stadium, hata wazee wa kanisa hupotea Jumamosi! Miguu tunayo. Maji tunayajua kama mvua ya alasiri, kama mtungi wa kuchota, kama Nyakomisaro ikifurika na kubeba takataka za soko. Kuogelea ni wachache wanaojua.

Timu yenyewe ni watoto wanane, mdogo ana miaka kumi na mmoja. Wanne wanatoka katika ushirika wetu. Hawana kidimbwi chao. Mwalimu mmoja anayependa watoto huwapeleka kwenye kidimbwi cha hoteli siku mbili kwa wiki, saa ambazo wageni ni wachache, na wazazi huchanga pesa za kuingia.

Mama mmoja alikataa. Alinijia baada ya ibada akaniambia, "Mchungaji, huyu kijana nimemfunika kwa damu ya Yesu. Maji asiyaguse." Sikumbishia, kwa sababu nilijua anakotoka. Kaka yake alikufa maji ziwani wakati yeye alikuwa msichana, na mwili ulipatikana siku ya tatu. Kwa mama huyo, maji yana uso, na uso huo ni wa marehemu.

Nilikaa naye tukasoma hiyo sura ya 27. Tulipofika mwisho, nilimuuliza swali moja tu: "Mama, ungekuwa kwenye meli hiyo na mwanao, ungetaka awe katika kundi gani?" Hakujibu. Baada ya wiki mbili alileta pesa za kidimbwi, zimefungwa kwenye pindo la leso.

Siku ya mashindano niliombwa kufungua kwa maombi. Mwalimu akaninong'oneza, "Mchungaji, kwa ufupi tafadhali, watoto wanapata baridi." Niliomba kwa ufupi. Mlio kanisani mnajua huo nao ni muujiza.

Walikuwepo watoto wa shule zenye vidimbwi vyao wenyewe, wana miwani na kofia za rangi moja. Wetu walikuwa na kaptura na taulo za nyumbani. Lakini nataka niwaambie kuhusu kuogelea kwa kupokezana, kwa sababu hapo ndipo nilipoiona Matendo 27.

Wanaogelea wanne, mmoja baada ya mwingine. Sheria ni kali: ukiruka kutoka kwenye kibao kabla mwenzako hajagusa ukuta, timu nzima inaondolewa. Si wewe peke yako, ni wote wanne. Mwana wa yule mama alikuwa wa tatu. Alikwenda vizuri, akageuka, na njiani akirudi akanywa maji. Akasimamisha mikono. Akaelea, akakohoa, akaanza tena polepole. Timu nyingine zilikuwa zimeshampeleka mtu wao wa mwisho. Na juu ya kibao chetu alisimama kijana wetu mwenye kasi kuliko wote, ameinama, vidole vya miguu vimeshika ukingo, anamtazama mwenzake. Nguvu anazo, lakini haruhusiwi kwenda. Kasi yake yote inamsubiri mwenzake aliyechoka.

Yule mama alikuwa ameketi nyuma yangu, leso kichwani, macho chini. Hakutazama hata mara moja. Alisikia kelele tu. Kelele zilipotulia akanigusa bega. Hakuuliza, "Ni wa ngapi?" Aliuliza, "Amefika?"

Nikamwambia, "Mama, amefika."

Timu yetu ilikuwa ya tano kati ya sita. Sijui kama yule mama anajua hilo hadi leo, na sidhani lina maana kwake.

Wapendwa, medali ni nzuri. Sizidharau. Mkenya mwenzetu Jason Dunford alishiriki Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mita 100 mtindo wa kipepeo. Katika mchujo alimaliza kwa sekunde 51.14, na hiyo ikawa rekodi ya Olimpiki. Rekodi ya Olimpiki ya kuogelea mikononi mwa Mkenya! Ilidumu dakika chache tu. Katika kundi lililofuata Mserbia Milorad Čavić akaivunja. Kwenye fainali Dunford alikuwa wa tano, na Michael Phelps akamshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mwaka 2010 Dunford alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Delhi, na mwaka 2012 akabeba bendera yetu London. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ona jinsi rekodi zilivyo: unaishika, na kabla hujakauka maji mwilini, mwingine ameichukua. Kufika pwani ukiwa hai hakuna mtu anayeweza kukuvunjia.

Na hili la kufika si mzaha. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilizama ikiwa imebeba watu kupita kiasi, mita 40 hivi tu kutoka nchi kavu. Walikufa watu 272. Luka anahesabu 276 waliofika. Sisi tulihesabu 272 ambao hawakufika. Sisemi waliokufa hawakuwa na imani. Wala sisemi kila anayejua kuogelea hupona, maana watu wakishikana majini hata hodari huzama. Nasema hivi: mita 40 ni umbali ambao mtoto wa miaka kumi na mmoja wa timu yetu huumaliza kwa dakika moja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao ni watoto walio chini ya miaka mitano. Wengi hawafi baharini. Wanafia mtoni, kwenye visima, kwenye mashimo ya machimbo yaliyojaa mvua. Mashimo kama hayo tunayo huku kwetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuache kuiweka imani upande mmoja na kujifunza upande mwingine. Paulo aliwaandikia Wakorintho, kabla ya safari hii, kwamba alikuwa ameshavunjikiwa na meli mara tatu na kukesha kilindini. Mtu huyo aliamini malaika, na bado aliwahimiza watu wale chakula wapate nguvu kabla ya kuingia majini. Usimwombee mtoto ulinzi kisha ukamnyima mkono ambao Mungu angeutumia kujibu ombi lako. Ni vivyo hivyo kwa anayeombea mtihani bila kufungua kitabu, na anayeombea biashara pale sokoni bila kuandika deni anazodai.

Pili, wale wasiojua kuogelea hawakuachwa. Walipewa mbao. Kule Nungwi, Zanzibar, wasichana wanafundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri, na wanaoanza huelea kwa madumu matupu. Dumu hilo hilo liko jikoni kwako! Mfundishe mtoto wako leo: mwenzako akizama, usimrukie kama hujui kuogelea, maana mfa maji hukamata chochote na atakuzamisha. Mtupie dumu lililofungwa kifuniko. Mtupie kamba. Nyosha mti mrefu. Piga kelele watu wazima waje. Huo ndio ubao wa Melita.

Tatu, Julai 25 ni siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 kwa ajili ya kuzuia vifo vya maji. Jumapili iliyo karibu na siku hiyo, watoto wa timu watasimama mbele ya kanisa watuonyeshe namna ya kutupa dumu na kamba. Mzazi ambaye angependa mwanawe ajiunge nao, azungumze na mama niliyemtaja. Ndiye sasa anayekusanya pesa za kidimbwi.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa ahadi zako. Tufundishe siku ya utulivu yale tutakayoyahitaji siku ya dhoruba. Uwatie nguvu walio hodari, na uwape subira ya kumngoja aliyechoka. Wafariji waliowapoteza wapendwa wao majini. Na watoto wa Daraja Mbili, wengine kwa mikono, wengine kwa ubao, wote wafike. Katika jina la Yesu.

Unayeamini, sema Amina. Kisha nenda uangalie kama dumu lako lina kifuniko.