Dakika nne darajani, siku mbili nyumbani

Gari huvuka Daraja la J.P. Magufuli kwa dakika kama nne. Kwa miguu, ukiwa na mama mwenye miaka 60 na ushee na ndugu wanaosimama kila mara kutazama maji, ni karibu saa nzima. Likizo iliyopita nilitembea nao kutoka Busisi, upande wa Sengerema, hadi Kigongo, upande wa Misungwi.

Wengi mnalifahamu daraja hili, angalau kwa picha. Lina urefu wa kilomita 3, limegharimu zaidi ya Shilingi bilioni 700 na lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Kabla ya hapo, anayetoka Geita au Sengerema kwenda Mwanza alivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko. Safari yenyewe ya majini haikuwa ndefu. Kilichochosha ni foleni. Ukifika kivuko kimeng'oa nanga, unakaa ufukweni mpaka kirudi, na siku mbaya mtu aliweza kumaliza saa mbili au zaidi kabla hajafika ng'ambo.

Kwetu ni Robanda, wilayani Serengeti, jirani na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mama mdogo aliolewa Sengerema, na kwa miaka mingi mama alikuwa akimsikia tu kwenye simu akisema "niko kivukoni." Safari hii alipofika Mwanza kupitia Bunda na Magu, alisema anataka kuvuka kwa miguu. "Gari litanipitisha kabla sijaona," alisema.

Daraja lina njia ya waenda kwa miguu kila upande. Upepo ulikuwa mkali, mama akajifunga kanga yake mara mbili. Walitupita waendesha baiskeli wenye mizigo, wanafunzi, na vijana waliosimama kupiga picha penye nguzo ndefu zenye nyaya. Chini kulikuwa na mitumbwi ya wavuvi.

Tulikuwa wanne: mama, mama mdogo, mimi na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye sasa ana miaka 19. Yeye sikio la kushoto halisikii. Ukitaka kuzungumza naye lazima ukae kulia kwake, na kwa sababu ya upepo siku hiyo tulikuwa tukipokezana upande huo.

Hatukuwa tumefika mbali mama mdogo aliposimama, akaegemea ukingo na kuonyesha kule chini kilipokuwa kivuko. "Pale ndipo tulipokaa na huyu," alimwambia mama. "Saa moja na nusu. Nimempakata, shingo imekakamaa kama ubao."

Mama akasikitika. "Pole, mdogo wangu. Kumbe kivuko ndicho kilichomharibu mtoto sikio."

Mama mdogo akakaa kimya kidogo. "Hapana, dada. Kivuko kilituchelewesha saa moja na nusu. Nyumbani tulichelewa siku mbili."

Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa na sijasikia mtu akilieleza tatizo hili kwa ufupi kiasi hicho. Nikamwomba ruhusa niandike. Akasema, "Andika, mwanangu, kama litamsaidia mwenzangu."

Ilianza jioni ya Jumatatu kwa homa. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Akapewa panadol, homa ikashuka, wote wakalala. Jumanne alfajiri ikarudi na kutapika. Mchana akapata degedege. Baba mdogo alikuwa amesafiri kikazi na simu yake haipatikani, na kwa desturi ya nyumba ile mtoto hatoki kwenda hospitali ya mbali bila baba kujua. Pesa nazo zilikuwa kwa baba.

Wakati wanamsubiri, jirani mmoja mtu mzima akasema ugonjwa ule si wa hospitali, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Akashauri afukizwe moshi wa kinyesi cha tembo. Dawa hiyo inajulikana sehemu nyingi za nchi yetu. Mama mdogo alicheka kidogo alipofika hapo. "Walijua natoka Robanda, wakadhani kinyesi cha tembo sikikosi ndani ya sanduku." Kilitafutwa, kikapatikana, mtoto akafukizwa. Degedege ikakoma kwa muda, kama ambavyo mara nyingi hukoma yenyewe, na wote wakaamini dawa imefanya kazi.

Jumatano asubuhi mtoto hakuamka vizuri. Alikuwa amelegea, anaangalia bila kuona. Bibi wa pili akasema basi. Wakaazima pesa, wakapanda pikipiki hadi hospitali ya karibu. Daktari alimwangalia shingo, akamwanzishia sindano na kuandika rufaa kwenda Bugando. Ndipo wakafika kivukoni, na kivuko kilikuwa ng'ambo.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Huu ni ugonjwa unaoshambulia utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, na unaosababishwa na bakteria unahitaji dawa za antibayotiki ndani ya saa chache. Mtoto anaweza kupona kabisa, anaweza kufa, na anaweza kupona akabaki na kifafa, udhaifu wa viungo au kupoteza kusikia. Mdogo wangu alipona, akabaki na sikio moja. Hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba angewahi lingepona. Wanachosema wote ni kwamba kila saa inayopita bila dawa huongeza hatari.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha makala kuhusu vifo vya wajawazito ambayo hadi leo hutajwa sana kwenye mafunzo ya afya ya uzazi. Jina la makala hiyo kwa Kiswahili lingekuwa "Mbali mno kwa miguu." Walieleza kwamba mgonjwa huchelewa mara tatu. Kwanza nyumbani, familia inapochelewa kuamua. Pili njiani, kwa sababu ya umbali, barabara na usafiri. Tatu kituoni, anapofika na kukuta mtaalamu, dawa au damu havipo. Waliandika kuhusu akina mama wajawazito, lakini mpangilio huo unamfaa hata mtoto mwenye homa.

Daraja hili limekata kipande kikubwa cha ucheleweshaji wa pili. Gari la wagonjwa linalotoka Sengerema usiku wa manane halimsubiri tena mtu. Ule wa tatu tunaidai Serikali na wataalamu wake, na sisi waandishi tuna wajibu wa kuudai kwa sauti. Ule wa kwanza uko sebuleni kwetu.

Mzazi, dalili za kutambua ni chache na unaweza kuzishika kichwani. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano anayeumwa, wahudumu wa afya hufundishwa kutafuta dalili nne za hatari kabla ya jambo lingine lolote: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea sana au amepoteza fahamu. Moja tu ikionekana, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Ongeza na hizi: anapumua kwa shida au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, na shingo imekakamaa.

Panadol ikishusha homa haijatibu kilichoileta. Na degedege ikikoma si ishara kwamba ugonjwa umeondoka. Mtoto akiwa kwenye degedege, mlaze kwa ubavu mahali ambapo hataumia, usimtie kijiko, maji wala dawa mdomoni, usimfukize moshi, na ikitulia ondoka naye. Sindano haiui mtoto mwenye degedege. Waliokufa baada ya sindano wengi walifikishwa wakiwa wamechelewa, na sindano ikabeba lawama ya siku zilizopotea.

Zipo pia chanjo. Ile ya pamoja ambayo tangu 2009 ina kinga dhidi ya bakteria aina ya Hib, na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa nchini 2013, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Zote mbili hupunguza baadhi ya aina mbaya za homa ya uti wa mgongo. Mdogo wangu alizaliwa kabla hazijaanza. Wa kwako amezaliwa zipo, kwa hiyo fungua kadi yake uone kama tarehe zote zimejazwa.

Kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga, kuna namba 115 ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo hutafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye halipwi na familia. Mfumo huu ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima. Lakini mtoto wa miaka mitatu kama mdogo wangu hayumo humo. Kwake yeye mpango ni wenu.

Tulipofika katikati ya daraja, mama, ambaye alikuwa kimya muda mrefu, alisema jambo ambalo mimi niliyekulia Robanda nilikuwa nalifuata bila kulifikiria. Kwetu tembo huingia mashambani usiku na huvuka barabara wapendavyo. Masika makorongo hujaa. Kumtoa mgonjwa saa tano usiku kwa pikipiki ni kumtafutia hatari nyingine. Kwa hiyo mama alikuwa na sheria yake: mtoto akiwa na homa, alasiri anamtazama upya. Akiwa hanywi, hachezi, au macho yamebadilika, wanaondoka kabla jua halijazama, baba awepo asiwepo. "Ukisema tuone kesho, ujue umeshaamua kwamba usiku huo hutoki," alisema. "Na kwetu usiku una wenyewe."

Mama mdogo akamwuliza, "Na shemeji hakukasirika?"

"Alikasirika mara moja. Mtoto akawa na malaria kali. Toka siku hiyo akawa anaacha pesa ndani ya kopo la chumvi, hata akienda kuchunga."

Huo ndio mpango ninaouzungumzia. Hauna gharama ya mabilioni. Una mambo matatu ambayo baba na mama wanaweza kuyamaliza leo baada ya chakula cha usiku. La kwanza ni ruhusa: mmoja akiwa hayupo, aliye nyumbani anaondoka na mtoto bila kumpigia mtu kuomba. Hata dada wa kazi au bibi anayebaki na watoto aambiwe hivyo kwa mdomo wako mwenyewe. La pili ni pesa ya dharura isiyoguswa kwa mchele wala vikoba, iwe kwenye kopo au kwenye simu ya anayeshinda na watoto. La tatu ni namba mbili za watu wenye bodaboda au gari wanaopokea simu usiku, ziandikwe ukutani, maana simu huzimika chaji.

Kisha chagueni saa yenu ya kumtazama mgonjwa upya. Anayeishi mjini, hospitali ikiwa mtaa wa pili, anaweza kudhani haimhusu. Lakini mjini nako kuna duka la dawa la jirani, kuna foleni ya kesho kazini, kuna "ngoja nimuulize mama yake," na siku huisha vivyo hivyo.

Tulipokaribia Kigongo, mdogo wangu aliniuliza tulikuwa tunaongea nini muda wote huo, maana upepo ulimfanya akose mengi. Nikahamia kulia kwake nikamweleza. Akasema mama yake amekuwa akijilaumu tangu yeye akiwa mdogo, na kwamba amemwambia mara nyingi aache. "Mwambie tu aendelee kuwaambia wenzake," alisema.